Kapitza alituzwa, je, Allen na Misener?

Muhula uliopita nilialikwa kushika saa katika mashindano ya chemshabongo baina ya wanafunzi wa sayansi. Mimi ni mtu wa isimu, na kazi hiyo iliniafiki mno kwa kuwa haikunidai maarifa yoyote ila kuhesabu sekunde. Mashindano yakielekea ukingoni, msimamizi akauliza: ni mwanafizikia yupi aliyegundua kwamba heliamu iliyo kiowevu hupoteza mnato wake inapopoozwa kupita kiwango fulani? Binti mmoja aligonga kengele kabla swali halijatua, akajibu bila kusita: "Allen na Misener." Msimamizi akaitazama kadi yake, akatikisa kichwa. Jibu lilikuwa Kapitza. Alama ikaenda upande wa pili, na kundi la binti yule likashindwa kwa alama iyo hiyo moja.

Tulipotoka ukumbini alinifuata hadi chini ya mti nilikoegesha gari. "Mwalimu," akasema, "mimi sikubahatisha. Makala yao nimeyasoma. Yalitoka siku moja na ya Kapitza, katika jarida moja, ukurasa kwa ukurasa." Nilimjibu kama tujibuvyo sisi walimu tunapobanwa, kwamba nitalitazama jambo hilo. Naam, nimelitazama, na imenibidi nikiri kwamba lilinikosesha usingizi kuliko nilivyotarajia. Maana nilikwenda kutafuta fizikia, nikajikuta nimerudi nyumbani kwangu, katika lugha.

Kwanza na tulifahamu lenyewe lililogunduliwa. Kila kiowevu tukijuacho kina mnato, yaani ule ukinzani wa ndani unaokizuia kutiririka ovyo. Maji yana mnato mdogo, mafuta ya kupikia yana mnato zaidi, na asali ni shahidi wa kila mtoto aliyewahi kuinamisha chupa juu ya mkate akangoja. Heliamu nayo ni ile gesi inayojazwa katika maputo ya sherehe ili yapae. Mwaka wa 1908, Heike Kamerlingh Onnes wa chuo kikuu cha Leiden nchini Uholanzi alifaulu kuigeuza kiowevu kwa mara ya kwanza. Huchemka kwenye digrii 4.2 tu juu ya sufuri kamili, yaani takriban digrii 269 chini ya sufuri ya Selsiasi. Ukiendelea kuipooza kwa kuufyonza mvuke wake, huendelea kuchemka kwa vurugu hadi ifikapo digrii 2.17 juu ya sufuri kamili. Hapo ghafla viputo hukoma na uso wake hutulia tuli. Kiowevu ni kile kile, atomi ni zile zile, lakini tabia imegeuka. Wataalamu wa Leiden wakaziita hali hizo mbili Heliamu I na Heliamu II, majina ya mzazi ambaye mtoto amezaliwa naye bado hajaamua amwite nani.

Mambo ya ajabu ya hii Heliamu II yalidokezwa kidogo kidogo. Huko Leiden, Willem Keesom na binti yake Anna walipima namna inavyopitisha joto wakakuta kwamba inaipita hata shaba kwa mbali sana. Huko Toronto nchini Kanada, kundi ambalo Donald Misener alikuwa mmoja wao lilipima mnato wake mwaka wa 1935, likaona kwamba unapungua chini ya kiwango kile. Kwa hiyo hapana mtu aliyeamka asubuhi moja akalikuta jambo hili barabarani. Wengi walikuwa wamekwisha kulinusa.

Sasa tumtazame Pyotr Kapitza. Alizaliwa mwaka wa 1894 huko Kronstadt, karibu na St Petersburg. Katika miezi michache ya mwaka wa 1919 na 1920 maradhi yalimnyang'anya baba yake, mke wake wa kwanza na watoto wake wawili. Mwaka wa 1921 alifika Cambridge, akapokelewa na Ernest Rutherford, bingwa wa kiini cha atomi, akawa kipenzi chake. Alimbandika Rutherford lakabu ya Mamba, na maabara ya Mond ilipofunguliwa kwa ajili ya Kapitza mwaka wa 1933, mamba alichongwa kwenye ukuta wake wa nje. Yupo hadi leo. Mwaka wa 1934 Kapitza alibuni mtambo wa kutengeneza heliamu kiowevu kwa wingi kuliko ilivyowezekana awali, jambo ambalo kwa mtafiti wa baridi ni sawa na mkulima kuchimbiwa kisima shambani mwake.

Mwaka uo huo alikwenda kwao kuzuru kama alivyozoea, na serikali ya Stalin ikamzuia asirudi. Ikawa maabara iko Cambridge na mwenyewe yuko Moscow. Baada ya kuvutana, Rutherford alikubali vifaa vyake viuzwe kwa Wasovieti kwa pauni 30,000, na Kapitza akajengewa taasisi mpya mjini Moscow. Zaidi ya miaka miwili ya utafiti wake ilipotelea katika mabishano, masanduku na saruji.

Huko nyuma, katika maabara iyo hiyo ya Mond, alifika kijana wa Kikanada aliyeitwa John Allen, mzaliwa wa Winnipeg. Alifika mwaka wa 1935 akakuta mwenye nyumba hayupo. Baadaye akaungana naye Mkanada mwenzake, Misener yule wa Toronto. Basi mwaka wa 1937 pakawa na makundi mawili, moja Moscow na jingine Cambridge, yakilichunguza swali moja. Na kiongozi wa kundi la kwanza ndiye aliyeasisi maabara iliyokaliwa na kundi la pili.

Kapitza alianza na lile joto la Keesom. Alijiuliza: ikiwa Heliamu II hupitisha joto kwa kasi namna ile, je, haiwezekani kwamba yenyewe ndiyo inayokwenda mbio ndani kwa ndani na kulibeba joto hilo? Na ikiwa ndivyo, basi lazima mnato wake uwe mdogo ajabu. Alichukua visahani viwili vya kioo vilivyosuguliwa vikawa laini kabisa, akaviweka uso kwa uso, nafasi baina yao ikiwa kama nusu ya sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele wa mtu ni mnene kuliko nafasi hiyo zaidi ya mara mia moja. Heliamu I ilipita hapo kwa shida. Heliamu II ilipita kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Kapitza akakadiria kwamba mnato wake ulikuwa umepungua angalau mara 1,500.

Allen na Misener wao walitumia mirija myembamba mno ya kioo, ya vipimo mbalimbali. Walichokiona kinastahili kutulizwa mbele ya wanafunzi, kwa sababu ni kizito kuliko tarakimu yoyote. Kwa kiowevu cha kawaida, ukizidisha shinikizo unazidisha kasi, na ukiupunguza upana wa mrija unaipunguza kasi sana. Kanuni hiyo ilikuwa imejulikana kwa takriban karne nzima. Kwa Heliamu II, kasi ilikuwa karibu ile ile, shinikizo lizidi au lipungue, mrija uwe huu au ule. Yaani hawakuona tu kwamba mnato umekuwa mdogo, bali kwamba fomula ya kuupimia mnato wenyewe haina kazi tena hapo. Ni tofauti ya kusema kwamba mtu huyu ana uzito mdogo, na kusema kwamba mizani haimtambui.

Barua ya Kapitza kwa jarida la Nature ina tarehe ya 3 Desemba 1937. Ya Allen na Misener ina tarehe ya 22 Desemba. Zote mbili zilichapishwa tarehe 8 Januari 1938, moja ukurasa wa 74 na nyingine ukurasa wa 75. Binti yule hakukosea hata nukta.

Iweje, basi, kadi za mashindano ziwe na jina moja? Siku kumi na tisa za tofauti ni sababu mojawapo, na siidharau. Katika sayansi aliyetangulia ametangulia. Lakini mimi naona sababu nyingine, na hapa mnisamehe nikivaa joho la kazi yangu. Kapitza alitia jina. Katika barua yake fupi alipendekeza kwamba heliamu iliyo chini ya kiwango kile iingizwe katika hali ya pekee, na akaiundia neno kwa kuiga lile lililokwisha kutumiwa kwa metali ambazo, zikipoozwa sana, hupitisha umeme bila ukinzani wowote, jambo alilolifumbua yuyo huyo Onnes mwaka wa 1911. Alichukua kiambishi kile kile cha Kilatini, akakipachika kwenye neno la kiowevu. Silabi mbili tu! Allen na Misener walieleza walichokiona kwa uaminifu mkubwa, ila hawakukiita kitu. Tangu mwezi ule, kila aliyeandika juu ya heliamu hiyo, awe rafiki au hasimu wa Kapitza, alilazimika kulitamka neno la Kapitza.

Msomaji aweza kuniambia kwamba jina si kitu, kwamba hata ukiliita vingine kiowevu kitatiririka vile vile. La, si hivyo. Jina lile halikuwa pambo. Lilikuwa dai: kwamba umeme usiokinzwa ndani ya metali na kiowevu kisichokinzwa ndani ya mrija ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka wa 1938 hapakuwa na mtu aliyeweza kuuthibitisha udugu huo. Ulianza kudhihirika miezi michache baadaye, Fritz London, mkimbizi wa utawala wa Hitler aliyekuwa Paris, alipotoa hoja kwamba atomi za heliamu hujikusanya katika hali moja ya pamoja kama Einstein alivyokuwa ametabiri. Na ukakomaa mwaka wa 1957, nadharia ya elektroni zinazokwenda mbili mbili ilipoeleza mambo ya metali. Mwaka wa 1972 ilipoonekana kwamba hata ile heliamu nyepesi zaidi hupoteza mnato wake, kwa atomi zake kwenda mbili mbili vivyo hivyo, hapakuwa na wa kubisha. Mwanaisimu huona raha ya pekee kukuta kiambishi kimetangulia nadharia kwa karibu miaka ishirini.

Sisi wenyewe bado hatujalipata neno. Nililipeleka swali hilo kwa wanafunzi wangu katika somo la uundaji wa istilahi. Mmoja alipendekeza "kiowevu kikuu", darasa zima likaangua kicheko kwa kukumbuka kifua kikuu. Mwingine akaleta "kipenyezi", neno zuri, lenye kutoa picha ya kitu kinachopita pasipopitika. Nililipenda papo hapo, kisha nikaona kasoro yake: linataja kile ambacho jicho la Allen lilikiona, lakini linaukata ule uzi uliofungwa na Kapitza baina ya kiowevu na umeme. "Kiowevu kisicho mnato" ni maelezo, si jina. Walimu wa fizikia wenye kukipenda Kiswahili, na najua mpo, nisaidieni.

Niliyoyasema hadi sasa yangeweza kuwa ugomvi wa wasomi tu, wa kugombania kurasa. Lakini ugunduzi huu ulikuja kutumiwa kwa jambo ambalo hakuna jarida lililolitazamia. Mwishoni mwa Aprili 1938, miezi minne tu baada ya barua zile kuchapishwa, askari wa siri wa Stalin walimkamata Lev Landau, kijana aliyeongoza kitengo cha nadharia katika taasisi ya Kapitza. Ilikuwa miaka ambayo watu walikamatwa usiku na majirani wakajifanya hawakusikia mlango ukigongwa. Kapitza alimwandikia Stalin siku ile ile. Hakujibiwa kwa kumrejeshea mtu wake. Landau alikaa gerezani mwaka mzima, akidhoofika. Mnamo Aprili 1939 Kapitza aliandika tena, safari hii kwa Waziri Mkuu Molotov, na hoja yake haikuwa huruma wala haki. Alisema kwamba katika utafiti wake wa heliamu amekumbana na mambo mapya yasiyoelezeka, na kwamba katika nchi nzima mtu awezaye kuyaeleza ni Landau. Kisha akajitoa kuwa mdhamini wake. Landau aliachiliwa mwezi uo huo.

Ni hoja ya ajabu kuipeleka mbele ya dola: mfungueni mtu huyu, nina kiowevu nisichokielewa. Na haikuwa hadaa. Mwaka wa 1941 Landau alitoa nadharia yake ya Heliamu II, na mwaka wa 1962 akapewa Tuzo ya Nobel kwa nadharia za aina hiyo, hasa zihusuzo heliamu kiowevu. Kwamba Landau alimpuuza London, ambaye mawazo yake yalikuja kuonekana kuwa na ukweli mkubwa, ni kisa kingine, na London alifariki mwaka wa 1954 bila tuzo yoyote ya Stockholm. Kapitza mwenyewe alikuja kukosana na Beria, mkuu wa askari wale wale, akaondolewa katika taasisi yake mwaka wa 1946, akafanya utafiti katika nyumba yake ya shamba kwa miaka kadhaa. Alirejeshewa taasisi mwaka wa 1955, Stalin na Beria wakiwa wamekwisha kufa.

Tuzo ya Kapitza ilikuja mwaka wa 1978, miaka arobaini baada ya barua yake, naye akiwa na umri wa miaka 84. Alipewa nusu yake. Nusu ya pili waligawana Wamarekani wawili kwa jambo la anga lisilohusiana kabisa na heliamu. Nayasoma maneno ya hati ya tuzo kwa jicho la kazi yangu: inataja uvumbuzi na ugunduzi wake wa kimsingi katika fizikia ya halijoto za chini. Haisemi kiowevu kipi. Huenda waliotunga maneno hayo walijua kwamba wakikitaja, watu wangeuliza majina mawili mengine yako wapi. Hiyo ni dhana yangu, na msomaji ana hiari ya kuitupa. Katika hotuba aliyoitoa Stockholm, Kapitza hakuizungumzia heliamu. Alieleza kwamba aliuacha uwanja huo zamani, akahutubu juu ya utafiti aliokuwa nao mkononi wakati huo, wa kutafuta nishati kwa kuunganisha viini vya atomi.

Na Allen? Yeye hakuiacha heliamu. Mwezi mmoja baada ya makala ya kwanza alikuwa tayari na jambo jingine. Alikuwa ameshindilia unga wa msasa ndani ya mrija, na alipoimulika heliamu kwa kurunzi ya kawaida ili aione vizuri, joto hilo dogo la mwanga likaifanya iruke juu kutoka mdomoni mwa mrija kama chemchemi. Kuanzia mwaka wa 1947 alikuwa profesa katika chuo kikuu cha St Andrews, Uskoti, na kwa miaka mingi alikuwa akiipiga heliamu picha za sinema, ili mwanafunzi asiyeweza kuwa na maabara ya namna ile aone kwa macho yake viputo vikikoma na chemchemi ikiruka. Kwa hakika mimi mwenyewe, nisiyejua kushika kipimajoto, niliielewa heliamu kwa kuzitazama picha hizo. Alifariki mwaka wa 2001. Heliamu ya namna hiyo, kwenye digrii 1.9 juu ya sufuri kamili, ndiyo inayozipooza leo sumaku za mtambo mkubwa wa CERN karibu na Geneva, wenye mzingo wa kilomita 27.

Ukinitaka niamue, nitasema hivi. Kapitza alistahili tuzo, na angeistahili hata kwa mtambo wake wa mwaka wa 1934 peke yake. Kuandika kwamba yeye ndiye aliyegundua tabia hii ya heliamu, na kuishia hapo, si kweli. Iligunduliwa mara mbili katika mwezi mmoja, na waliokuja wa pili walikiona kitu kwa undani kuliko wa kwanza, wakati wa kwanza alikiona kwa upana kuliko wao. Silioni la kuona haya katika kumwambia mwanafunzi maneno hayo yote, ijapokuwa hayatoshi kwenye kadi ndogo.

Juzi niliwaendea waandalizi wa mashindano. Alama ya binti haikurudishwa, kwani kombe lilikuwa limekwisha kukabidhiwa na picha kupigwa. Walinipa kadi lakini. Nimeandika juu yake majina mawili na tarehe moja kwa kalamu yangu, nikaliacha jina la Kapitza pale pale lilipokuwa.